Siku Kalume Alipoleta Bahari Kindu

Watu wa Kindu walimjua Kalume kwa mwendo wake kabla ya kumjua kwa jina. Alikuwa fundi wa vioo, na mtu anayebeba vioo kila siku hujifunza kuupita upepo kwa ubavu. Hata siku asiyokuwa na mzigo alitembea bega moja mbele, kama anayeomba njia katikati ya soko. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Pangi. Baba yake alishuka mjini na kikapu cha mpunga, akasilimu, akazikwa hapa hapa, na urithi aliomwachia mwanawe ulikuwa kanzu moja na tabia ya kucheka kabla kichekesho hakijaisha.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, katika ile miaka yao ya mwisho ambayo hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. King'ora cha reli kiliuamsha mji, na king'ora cha reli kiliulaza. Upande wa juu nyumba mpya za Wazungu zilikuwa zikiota, nyeupe na vipofu, na Kalume ndiye aliyezipa macho. Jioni, kabla giza halijamkuta upande usio wake, alirudi mtaa wa Waislamu na vipande vya vioo vilivyobaki vikilia ndani ya gunia.

Basi Mzee Bulaimu, mshona kanzu, akataka dirisha la kioo, la kwanza katika mtaa. Kalume akaja kupima. Kesho yake akaja kupima tena. Siku iliyofuata alipotokea na kamba yake, binti ya Mzee Bulaimu, Safi, aliyekuwa amekaa ndani akidarizi kofia, alisema bila kuinua macho:

"Fundi, dirisha letu linakua? Kila siku unakuja kulipima."

Kalume alicheka hadi akaketi juu ya mfuko wa misumari. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Alikwenda nyumbani akipiga mluzi, akapita nyumba yake, akafika mtoni, akashangaa mto unafanya nini pale.

Shida ilikuwa bahari.

Mzee Bulaimu alikuwa amekaa maisha yake yote nyuma ya cherehani, barazani, na mwisho wa safari zake ulikuwa Kasongo. Lakini babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, na Mzee hakuacha jambo hilo lipoe. Nguo ikichanika, alisema pwani nguo hazichaniki hivyo. Mvua ikinyesha, alisema mvua ya pwani ina adabu. Zaidi ya yote alipenda kusema habari za samaki. Samaki wa mto, alisema, ni watu wa kulana wenyewe kwa wenyewe. Samaki wa bahari ni waungwana, wana rangi kama vitambaa vya Idi, na kila mmoja ana mtaa wake. Wasikilizaji walikubali, maana hapakuwa na mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Samaki wa bahari pekee aliyewahi kufika Kindu alikuwa makayabu, yule mkavu wa chumvi anayeuzwa dukani, bapa, mweupe, hana kichwa wala macho. Na mtu hawezi kubishana juu ya rangi na maiti.

Kalume alipotuma wazee kwenda kumposea Safi, yeye mwenyewe alijificha nyuma ya ua, jambo ambalo si desturi. Akasikia Mzee Bulaimu akijibu kwa upole:

"Huyu kijana sina neno naye. Anasali, anafanya kazi. Lakini damu ya mutoto wangu imetoka baharini. Yeye anajua nini cha bahari?"

Ndipo sauti ikatoka juu ya ua.

"Mzee, nikikuletea bahari hapa Kindu?"

Kicheko kilianzia barazani, kikaingia ndani, kikatokea uani kwa wanawake. Mzee Bulaimu naye, aliyependa kicheko kikiwa chake, aliinua mkasi wake.

"Leta. Niione kwa macho, niionje kwa ulimi, na samaki wake wakae kwa amani kama watu wa pwani. Ukiileta siku ya Maulidi, Fatiha tunaisoma pale pale. Usipoileta, unaniachia mulango wangu."

Mashahidi walikuwa mtaa mzima.

Mtu mwingine angelia. Kalume alikimbia, bega mbele, kwa sababu alikuwa na wazo. Miezi michache kabla, alipokuwa akibadilisha kioo katika nyumba ya Mbelgiji mmoja, aliona sanduku la kioo juu ya meza, limejaa maji, na samaki wadogo wakizunguka ndani. Alimwuliza mpishi, Florentin, wataliwa lini.

"Hawaliwi," Florentin alisema. "Wanaangaliwa."

"Wanaangaliwa kwa nini?"

"Nami niliuliza. Wakaniambia niendelee kumenya viazi."

Sasa Kalume alitoa vipande vyake vyote, akakata, akaunga pembe kwa mbao na mastiki ya kubandikia vioo, na mahali mastiki ilipokataa akapaka lami ile wanayozibia mitumbwi. Sanduku lilivuja, likazibwa, likavuja upande mwingine kama mtu anayebadilisha uongo, likazibwa tena. Lilipokaa kavu kwa nje, alilibusu. Lilikuwa na urefu wa mkono wake na upana wa mkeka wa kusalia uliokunjwa. Bahari ndogo, lakini kioo chake hakikuwa na doa.

Aliyemsaidia kupata samaki alikuwa Mama Riziki, dada mdogo wa Mzee Bulaimu, mjane mnene mwenye ulimi mwepesi, aliyekaanga samaki sokoni. Wavuvi wa Kigenya walimwuzia samaki kila asubuhi, na kila asubuhi aliwatukana, nao wasipotukanwa waliuliza kama anaumwa. Alipowaambia anataka samaki wadogo, wazuri, walio hai, walisimamisha makasia.

"Mama Riziki, umeanza kufuga chakula?"

"Namfugia kaka yangu bahari. Leteni, au niwakaange ninyi."

Wakaleta. Kalume alichagua kama anayechagua kitambaa: huyu kwa mng'aro, huyu kwa madoa, huyu kwa mapezi mekundu. Katikati yao akaweka mbenga mchanga, mwembamba, wa fedha, mwenye mistari kama ya kalamu ya mwalimu, kwa kuwa alikuwa mzuri kuliko wote. Alikaa mbele ya sanduku mpaka usingizi ukamwangusha, akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kuoa.

Asubuhi ndani ya sanduku palikuwa na samaki mmoja. Mbenga alikuwa amenenepa.

"Umeweka chui kuchunga mbuzi kwa kuwa ana nguo nzuri," alisema Mama Riziki, akashika mbavu kwa kucheka. "Na wewe mwenyewe Safi anakuchagua hivyo hivyo, naona."

Mbenga alikwenda kwenye kikaango. Kalume akawaza upya, na safari hii aliwaza kama mtu wa Maniema. Amani inatoka wapi? Kwa ndugu. Akaomba samaki wa aina moja tu, wale wekundu kama kaa la moto wenye vidoa vya buluu, waliovuliwa pamoja, mahali pamoja. Ukoo mmoja, nyumba moja. Aliwawekea jiwe zuri katikati ili wawe na mahali pa kukusanyika.

Kabla ya adhuhuri mkubwa wao alikuwa amekalia jiwe, na wengine wamebanwa pembeni, mapezi yamechanika, wakitazama ukuta. Kila aliyesogea alipigwa.

"Lakini ni ndugu," Kalume alisema.

"Ndugu?" Mama Riziki alimkazia macho. "Mwanangu, mgeni anapigania kiti chako lini? Anayepigania kiti ni yule mliyezaliwa naye. Baba mmoja, jiwe moja. Mimi na yaya Bulaimu, huyu kaka yangu mkubwa, tuligombania kitanda cha marehemu mama mpaka kikavunjika, sasa kila mmoja ana miguu miwili."

Kalume alicheka, kisha akaacha kucheka katikati, na hilo kwake lilikuwa jambo geni. Maulidi ilikuwa inakaribia. Alisikia watoto wa mtaani wakiimba kaswida za mazoezi, na kila mstari ulimchoma kama kigae. Alijiona akipita mbele ya dirisha lile alilolitengeneza kwa mikono yake, amekatazwa mlango, Safi ndani akidarizi kofia ya mume mwingine.

Alasiri hiyo Safi alikuja na shangazi yake, eti kumletea kibuyu cha maji safi. Aliinama mbele ya sanduku. Hakucheka. Aliwatazama wale wekundu kwa muda mrefu, kama anavyotazama darizi iliyokosewa, akitafuta uzi ulioanza kupotea.

"Shangazi," alisema, "nyumbani kwetu tunakaaje?"

"Tunakaa vibaya."

"Tunakaa. Baba yuko barazani na cherehani yake. Mimi niko ndani na kofia zangu. Wewe uko uani na vikaango vyako. Siku ile mvua ilipotuweka sote chumba kimoja, jioni ilifikaje?"

"Nilimpiga na upawa," alisema Mama Riziki.

"Basi. Hawa wote wanataka ndani. Hakuna wa baraza, hakuna wa uani."

Akamgeukia Kalume, uso umewaka, maneno yakamtoka haraka sasa, na shangazi akasahau kujifanya mlinzi. Mto nao una baraza, Safi alisema: kuna samaki wanaokaa juu kabisa, midomo kwenye hewa, wakingoja vijidudu. Kuna wanaopita katikati. Kuna wanaochimba chini. Usiulize nani mzuri, wala nani ndugu wa nani. Uliza nani anakaa wapi na anakula nini.

Kalume aliruka. Si msemo; aliruka kweli, kichwa kikagonga boriti, akashuka akicheka na kushika kichwa, na Safi naye akaanza kucheka, na Mama Riziki akawatazama wote wawili akasema kwamba hata bahari isipokuja, hawa wameshazama.

Kesho yake Wagenya waliambiwa watafute samaki kama mtu anavyotafuta wapangaji. Wa baraza walikuwa vidagaa wenye macho yanayowaka, waliotulia chini ya uso wa maji kama nyota zilizosahau kwenda nyumbani. Wa katikati walikuwa kundi la samaki wa fedha ambao jua likiwapiga ubavuni hugeuka kijani, dhahabu, zambarau. Wenyewe hawapendi kukaa peke yao wala hawapendi kugusana. Wa uani alikuwa mmoja mweusi mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, anayechokora mchanga siku nzima bila kumsalimia mtu. Na chini ya jani kubwa la maji, yule aliyewafanya Wagenya wenyewe wacheke walipomtoa: samaki wa masharubu anayeogelea chali, tumbo juu, mgongo chini, kana kwamba dunia ndiyo iliyokosea.

Siku ya kwanza hakuna aliyekufa. Siku ya pili hakuna aliyekimbizwa. Kalume alienda kazini akaacha kazi katikati, akarudi mbio akahesabu, akaenda tena. Majirani walikuja kuangalia, wakasimama kwanza, kisha wakachuchumaa, kisha wakaomba mkeka. Habari zikafika kwenye cherehani.

Mzee Bulaimu akaja mwenyewe, mikono nyuma. Alisimama. Yule wa chali alikuja mpaka kwenye kioo, akamtazama kichwachini, na Mzee, bila kujua anafanya nini, akainamisha kichwa chake upande ili waonane vizuri. Kwa kitambo alikuwa na sura ya kijana mdogo. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akachovya kidole, akaonja.

"Mto," alisema. "Chumvi iko wapi?"

Akaondoka.

Hapo ndipo Kalume alipofanya kosa ambalo lisingeweza kufanyika mahali pengine popote. Aliwaza hivi: makayabu ametoka baharini. Amekauka, lakini chumvi aliyo nayo ni ile ile aliyozaliwa nayo, si ya dukani. Kila mwanamke wa Kindu anajua kwamba makayabu kabla ya kupikwa hulowekwa, na yale maji ya kwanza hutoka makali, hutupwa. Wanatupa nini? Wanatupa bahari! Alipanda na kushuka mtaani na ndoo, bega mbele, akibisha hodi kila jiko, akiomba maji ya makayabu, na watu wakampa, maana mtu akipandwa na wazimu hanyimwi kitu kidogo.

Aliyamimina. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Wale wa fedha wakapanda juu wote kwa pamoja, midomo wazi. Mwenye mkonga akapanda naye, yeye ambaye hajawahi kupanda. Na mlangoni, wakiongozwa na harufu, paka wakaanza kuingia. Paka wa imamu, paka wa duka, paka ambao hawana mwenyewe, wakajipanga mbele ya kioo kama watu wa safu ya kwanza.

"Mama Riziki!" Kalume aliita, na hapo mtaa mzima ulisikia jinsi fundi wa vioo anavyopaza sauti.

Alikuja na sufuria yake kubwa kuliko zote, imejaa maji ya mto. Alitoa samaki kwa mikono, mmoja mmoja, huku akimkanyaga paka kwa mguu wa kushoto na kumtukana Kalume kwa pumzi iliyobaki. Wa fedha wawili walikufa, na vidagaa kadhaa. Wengine walilala ubavu, wakapumua, wakasimama. Yule wa chali walimhofia sana, kwa kuwa alikuwa tumbo juu. Ilichukua muda kukumbuka kwamba huo ndio uzima wake.

Kalume alikaa sakafuni kati ya paka. "Nimekwisha," alisema. "Nikitia chumvi wanakufa. Nisipotia, ataonja."

"Aonje," alisema Mama Riziki. Alikuwa akitazama ile ndoo ya makayabu. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao wanaomfahamu sokoni huuogopa. "Osha kioo chako. Tia maji ya mto, safi. Mengine ni ya jikoni."

Siku ya Maulidi sanduku lilibebwa tupu mpaka barazani kwa Mzee Bulaimu, likawekwa juu ya meza ya cherehani, likajazwa, na samaki wakamiminwa taratibu kutoka sufuriani. Jua la alasiri lilipita ndani yake likatupa rangi kwenye kanzu nyeupe za wanaume waliokaa mikekani. Kaswida zikasomwa. Dua ikaombwa. Wazee wenye heshima zao walikuwa wakisema amina huku jicho moja liko kwenye mwenye mkonga.

Kisha chakula. Wengine walitegemea mbuzi tu, lakini Mama Riziki alituma masinia ya wali na makayabu, yaliyokaangwa kwa vitunguu na pilipili, na safari hiyo hakuyaloweka vya kutosha.

"Leo siku ya bahari," alisema kutoka mlangoni. "Tunakula vya bahari."

Walikula kwa mkono, kama inavyopasa, wakikwangua sinia. Mzee Bulaimu alikula vizuri kuliko wote. Kila alipopeleka tonge alilitazama sanduku, na hapakuwa na vita ndani yake. Wa juu walikuwa juu, wa kati walipita, wa chini alichokora.

Desturi ni kwamba sinia likiinuliwa, birika na beseni hufuata, watu wanawe. Safi ndiye aliyeshika birika. Alianzia upande wa mbali kabisa na baba yake. Alimnawisha mzee wa kwanza kidole kwa kidole, akamwuliza habari za mguu wake. Alimnawisha wa pili, akaenda kujaza birika ambalo lilikuwa halijaisha.

"Yaya Bulaimu," alisema Mama Riziki, "bahari inangoja neno lako. Wageni hawatalala hapa."

Mzee akainuka. Kalume, aliyekuwa amesimama kando ya meza, aligeuka akawa mwembamba kama kioo chenyewe. Mzee aliinua mkono wake wa kulia, akachovya kidole cha shahada ndani ya maji, harakaharaka, akakipeleka mdomoni.

Uso wa Mzee Bulaimu ulisimama.

Akatoa kidole, akakitazama. Akautazama mkono wake wote, unaong'aa kwa mafuta ya makayabu. Kisha macho yake yakatembea polepole, yakapita juu ya vichwa vya wageni, mpaka yakamfikia binti yake mlangoni, na birika mkononi, limejaa, halijamfikia.

Safi hakuinamisha macho. Aliyaacha pale, yakimngoja baba yake.

Yule wa chali alichagua wakati huo kuja kwenye kioo. Alimtazama Mzee kichwachini. Mzee naye akamwinamia kidogo.

Halafu akachovya kidole cha kati, ambacho kilikula zaidi kuliko kile cha kwanza, akakilamba mpaka kwenye pingili.

"Hiyo njo bahari," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Chumvi yake iko vile vile babu alivyoisema."

Sijui ni nani aliyeanza vigelegele uani, ila viliisha wakati mbuzi wa jirani walipokata kamba. Fatiha ilisomwa pale pale. Kalume alikosea kuitikia amina, aliitikia mapema, akaitikia tena, akacheka kabla haijaisha, na mzee mmoja akamshika bega asije akaanguka ndani ya bahari aliyoileta.

Waliishi jirani na Mzee Bulaimu, Kalume na Safi, na sanduku halikuondoka barazani. Samaki walikufa na wengine wakaja. Kalume alipata mazoea ya kuwachagua, na Wazungu wawili watatu walimwita awatengenezee yao, na kila mara aliuliza swali moja kwanza, nani wa baraza, nani wa ndani, nani wa uani. Cherehani ilisogezwa ikatazama maji. Wageni walipotoka Kibombo au Kasongo wakasikia kwamba kwa mshona kanzu kuna bahari, na wakataka kuionja, Mzee Bulaimu aliwashika mkono kwa upole, akawaketisha.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hapa hatuonji bahari na njaa. Riziki, leta makayabu."

Na mgeni akishakula, akageuka kutafuta maji ya kunawa, birika halikuonekana.